Miaka mitatu na ZFS ofisini, uzoefu wangu

Wakuu, kuna wengi bado wanaogopa kuachana na kontrola za RAID (kadi zinazounganisha diski nyingi zifanye kazi kama moja) na kuhamia ZFS, mfumo wa faili unaosimamia diski wenyewe bila kadi hiyo, na mi nilikuwa hivohivo mpaka yaliponikuta, ndo maana naandika.

Zamani tulikuwa na boksi la diski 8 za TB 4, RAID 5, kontrola yake ina kache (kumbukumbu ya muda ya kuharakisha uandishi) yenye betri. Siku hiyo wahasibu wakaanza kulalamika mfumo mzito, ripoti ya dakika 2 inakula nusu saa, tukahangaika na swichi, tukabadili nyaya, siku mbili nzima, kumbe betri imekufa, na betri ikifa kontrola haiamini tena kache yake, inasubiri kila kitu kiandikwe kwenye diski kwanza ndo ijibu tayari. Taa zote kijani! Taarifa ilikuwa imejificha ndani huko kwenye logi. Tukaagiza betri, haijafika diski moja ikafa, tukachomeka mpya, ikaanza kujijenga upya, asilimia 71 diski nyingine ikashindwa kusoma. RAID 5 inavumilia kifo cha diski moja tu, na wakati wa kujenga upya zile 7 zinasomwa mwanzo mpaka mwisho, kwahiyo sekta mbovu iliyokaa miezi bila kuguswa inaibuka siku hiyohiyo. Tukarudi kwenye bakapu ya juzi. Dada wa kaunta aliingiza risiti za siku mbili upya, moja moja, bunda zima, iliniuma sana.

Baada ya hapo nikaweka TrueNAS, mfumo endeshi wa seva ya faili unaotumia ZFS, diski 8 kwa mpangilio wa RAIDZ2, yaani zife mbili bado data ipo. Unapoteza nafasi ya diski mbili, bosi aliguna, nikamkumbusha lile bunda la risiti akasaini.

Kilichonishika moyo ni skrabu. Kila mwezi usiku inasoma data yote na kulinganisha na alama yake ya ukaguzi, ikikuta imeharibika inaitengeneza kutoka kwenye diski zingine, hivyo ubovu unaujua mapema. Mwaka jana nikaona kwenye amri ya zpool status, inayoonyesha hali ya diski, safu ya READ ina makosa kwa diski moja, nikacheki SMART, ripoti ya afya ya diski yenyewe, namba 197 (sekta zinazogoma kusomeka) inapanda kila wiki, nikaibadilisha mchana watu wanaendelea na kazi. Ilimaliza ndani ya masaa 5 maana inajenga data iliyopo tu, haihangaiki na nafasi tupu. Ila safu ya CKSUM (data isiyolingana na alama yake ya ukaguzi) ikipanda kwenye diski nyingi kwa mpigo usikimbilie dukani kununua diski, angalia nyaya, kontrola na RAM kwanza.

Mapungufu yapo. Inapenda RAM, yangu ina GB 32. Kadi ya RAID haifai, inataka kadi inayoziacha diski zionekane zenyewe moja kwa moja. Ukijaza kupita asilimia 80 inaanza kuchoka. Na kuongeza diski moja kwenye RAIDZ iliyopo ilikuwa haiwezekani mpaka OpenZFS 2.3 ya Januari 2025.

Kabla hujaweka data andika serial namba ya kila diski kwenye karatasi ubandike mbele ya trei yake, maana saa nane usiku moja ikiwa imekufa ukachomoa nzima kimakosa utalia. Zangu nimebandika kwa sulotepu, na bakapu iko jengo lingine, kila mwezi narudisha faili mbili tatu kuona kama zinafunguka.