Kukarabati nyumba ya pwani kwa vifaa rafiki kwa mazingira: nini kinunuliwe kwanza, nini kisubiri

Anayekarabati nyumba Dar es Salaam, Tanga au Mombasa akiulizia vifaa rafiki kwa mazingira, kitu cha kwanza atakachoonyeshwa dukani ni paneli za sola. Mimi sola nimeiweka mwisho, na sababu zitaonekana tukifika huko. Nimepanga kwa swali moja: hela hii ikitoka, itapunguza joto, mkaa, umeme au maji kiasi gani, na kwa muda gani? Nyumba ninayoifikiria ni ile tuliyonayo wengi: vyumba vitatu, tofali za saruji, bati, dari iliyochoka, umeme wa luku na maji yanayokuja yanapotaka.

Kabla ya kwenda dukani, zunguka nyumba yako na uandike kila kilicho kizima. Mafundi wengi hupenda kubomoa kwa sababu kazi mpya ni rahisi kukadiria bei. Lakini kenchi ambazo hazijaliwa na mchwa, ukuta usio na ufa na mlango wa mninga uliopauka vanishi vyote vina miaka mingi mbele. Mlango huo ukipigwa msasa na kupakwa mafuta utaupita kwa mbali ule wa ubao wa kushindiliwa unaouzwa kama mpya, ambao ukiingiwa na maji ya bafuni unavimba.

Tahadhari moja haina mjadala. Kama nyumba ni ya zamani na paa lake ni la mabamba ya kijivu yenye mawimbi, mazito, yanayofanana na saruji, huenda ni asbesto. Usiyakate, usiyatoboe, usiwape watoto wa mtaani wakashushe. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Uliza ofisi ya mazingira, NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya, utaratibu wa kuyatoa na mahali pa kuyafukia.

La kwanza: paa, dari na hewa

Weka kiganja kwenye dari saa tisa alasiri mwezi wa Februari. Ikiwa ya moto, umeshajua hela ya kwanza iende wapi. Joto kubwa la nyumba ya bati hushuka kutoka juu, na ndilo linalomsukuma mtu kununua kiyoyozi kisha kikamlia luku kila mwezi.

Mtindo wa sasa ni bati la msauzi la rangi nyeusi, kijivu cha mkaa au maruni. Linapendeza, sikatai, lakini rangi nzito inanyonya sehemu kubwa ya jua na kulishusha vyumbani. Ukinunua bati jipya, chukua jeupe, krimu au kijivu chepesi. Kama lililopo halijatoboka, usiling'oe. Lisugue kutu, lipige praima, kisha rangi nyeupe ya paa. Kwa bei yake, sijui kitu kingine katika mwongozo huu kinachobadili chumba haraka namna hiyo. Angalia na geiji: namba ikipanda, unene unashuka, kwa hiyo geiji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Karibu na bahari, chumvi inakula chuma usiku na mchana, hivyo tafuta 28 yenye mpako wa alminiamu na zinki. Bati jembamba la bei nafuu utalinunua mara mbili, na la kwanza litakuwa taka.

Kama unafumua paa, tandika karatasi ya foili ya kuzuia joto chini ya bati. Hapa ndipo watu wanapotupa hela: foili ikibanwa ikagusana na bati kwa juu na ubao kwa chini, haifanyi kazi yake. Upande unaong'aa unahitaji nafasi ya hewa, angalau sentimita mbili na nusu. Acha na matundu kwenye kingo za paa ili hewa ya moto ipate pa kutokea, uyazibe kwa wavu wa waya popo wasihamie.

Halafu madirisha. Fundi atakuambia, "Bosi, siku hizi watu wanaweka alminiamu ya kusukuma." Mwulize linafunguka kiasi gani. Dirisha la kusukuma la vioo viwili hupitisha upepo kwa nusu tu ya upana wake, maana kioo kimoja lazima kisimame nyuma ya kingine. La bawaba hufunguka lote, na lile la vioo vya kulala pia hupitisha karibu upepo wote. Kuna na gharama iliyofichika: kuyeyusha kilo moja ya alminiamu mpya hula umeme wa yuniti 13 hadi 15, wakati ile iliyorejelezwa huhitaji takribani asilimia 5 ya nishati hiyo. Kwa hiyo mpangilio wangu wa madirisha ni huu: kwanza fremu zako za mbao zilizopo, zitengenezwe na kuwekwa nyavu mpya, pili, mbao mpya za bawaba, tatu, alminiamu ya bawaba, mwisho kabisa, ya kusukuma. Ukuta unaopigwa na jua la jioni uongezee kibaraza au mti. Mwarobaini uliopandwa mita chache kutoka kwenye msingi, upande wa magharibi, ni bure na hauhitaji fundi.

La pili: jiko

Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa unatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Tanzania nayo imeongeza bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Maana yake ni kwamba kwenye nyumba nyingi zetu, moto mchafu kuliko wote ni gunia la mkaa lililosimama nyuma ya mlango wa jikoni, na wala siyo waya wa umeme. Serikali ya Tanzania imejiwekea mkakati wa 2024 hadi 2034 wa kufikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia, na ukarabati ndio wakati mzuri wa kuiandalia nyumba hilo.

Chaguo langu la kwanza ni presha kuka ya umeme. Maharage, makande, nyama ngumu, vyote vile vilivyokuwa vikila mkaa wa mchana kutwa, huiva kwa chini ya yuniti moja kwa sababu chungu kimefunikwa na kuhifadhi joto lake. La pili ni jiko la induksheni, mradi sufuria zako zishike sumaku. Sufuria za alminiamu tulizozizoea halizitambui. La tatu ni gesi, ambayo haitokani na miti lakini bado ni zao la mafuta. Mkaa ukibaki, ubaki kwa nyama choma.

Ukarabati unaingilia hapa: kabla plasta haijapigwa, mwambie fundi umeme avute waya wa milimita 2.5 za mraba kutoka kwenye sakiti breka yake hadi soketi mbili za jikoni. Kifaa kinachochomekwa kwenye ekstensheni ya redio kitaunguza nyumba.

La tatu: pangaboi, friji na kiyoyozi

Pangaboi la kawaida hula wati 50 hadi 75. Yapo yenye mota ya kisasa isiyo na brashi yanayotumia kama nusu ya hapo. Kiyoyozi kidogo kikifanya kazi hula mara kumi au zaidi ya pangaboi, kwa hiyo anza na pangaboi kila chumba, paa likishapakwa, ndipo ujiulize kama bado unahitaji kiyoyozi.

Ukikihitaji, nunua cha inveta, kinachopunguza kasi chumba kikishapoa, na usome gesi ya kupoozea iliyoandikwa kwenye kibandiko. R-22 inatoboa tabaka la ozoni, iache hata ukipewa bure. R-410A haitoboi ozoni, lakini ikivuja, kilo yake moja inapasha dunia sawa na kilo 2,088 hivi za kaboni dayoksaidi. R-32 ni 675. R-290, yaani propeni, haifiki hata 5, ila inawaka, hivyo ifungwe na fundi aliyefunzwa. Gesi za kundi la R-410A na R-32 ndizo zilizojadiliwa Kigali mwaka 2016, nchi zilipokubaliana kuzipunguza. Kwa friji, tafuta R-600a, yaani isobyuteni.

Kwa aliye kwenye tarifa ndogo ya TANESCO, ile ya wanaotumia wastani wa yuniti 75 kwa mwezi au pungufu, chaguo hizi zina uzito wa pekee: friji kuukuu ya mtumba peke yake inaweza kumtoa humo akaanza kulipa bei ya juu.

La nne: maji ya mvua

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Dar es Salaam hupata takribani milimita 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo paa la mita 100 za mraba, ukitoa yanayopotea, linakupa kama lita 80,000. Mvua moja nzito ya masika ya milimita 50 hukaribia kujaza simtanki la lita 5,000. Nunua gata kwanza, tena pana, halafu tenki. Wengi huanza na tenki kisha gata likawa la kuungaunga. Weka bomba la kumwaga maji ya mwanzo yanayosafisha vumbi na kinyesi cha ndege, na wavu kwenye mdomo wa tenki kuzuia mbu. Maji haya ni ya choo, kufua na bustani. Ya kunywa yachemshwe.

La tano: saruji na tofali

Hapa unaweza kuokoa bila kuongeza hata senti. Uchafu wa saruji unatoka kwenye klinka, mawe ya chokaa yaliyochomwa kwa joto la kama nyuzi 1,450. Soma mfuko: alama ya CEM ndiyo inayotaja aina ya saruji. CEM I ina klinka asilimia 95 au zaidi. CEM II/B ina kati ya 65 na 79. CEM IV/B, iliyochanganywa na pozolana kama majivu ya volkano, ina 45 hadi 64. Kwa plasta, kujengea tofali na sakafu ya chumba, saruji ya daraja la nguvu 32.5 inatosha kabisa, na ndiyo yenye klinka pungufu. Ya 42.5 iache kwa nguzo, mikanda na zege la ghorofa. Nimeona watu wakipiga plasta kwa 42.5 kwa kuamini kwamba yenye nguvu ndiyo bora; plasta hiyo hupasuka kwa urahisi zaidi.

Ukiongeza chumba, chaguo la kwanza ni tofali za udongo na saruji zinazofungamana, zinazoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa. Zinapunguza saruji ya kuungia, na ukuta ukiwa mzuri, nje hauhitaji plasta. Wakala wa Tanzania wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi, NHBRA, ulizitangaza kwa miaka mingi. Ukitaka kujua kama udongo uko tayari kushindiliwa, ufinyange donge, uliachie toka usawa wa kiuno lianguke sehemu ngumu. Likisambaratika, maji hayatoshi. Likibaki donge, maji yamezidi. Likivunjika vipande vichache, shindilia. Kisha tofali zifunikwe na zimwagiwe maji siku saba kwa uchache, afadhali kumi na nne.

Tofali za kuchoma naziweka chini, kwa sababu ya kuni za tanuru. Kama muuzaji wa Morogoro au Mbeya anachoma kwa pumba za mpunga, hiyo ni habari nyingine. Mwulize.

La sita: mbao

Kwa kenchi, paini ya shamba kama ya Sao Hill, iliyotiwa dawa. Kwa milango na fremu, mtiki wa mashamba ya Kilombero au Longuza. Mninga, mvule na mkongo vya msitu wa asili vinunuliwe tu pale muuzaji anapoonyesha kibali cha kusafirisha mazao ya misitu na alama ya nyundo kwenye gogo au ubao. Akianza kuzungukazunguka, ondoka. Boriti za mikoko waachie wanaokarabati nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe, zinakostahili. Kwa banda na kibaraza, mirunda ya mkaratusi inatosha.

Vipande vya mbao zenye dawa ya kijani visipikiwe chakula kamwe. Dawa hiyo mara nyingi ina aseniki, na moshi wake ni sumu.

La saba: rangi

Rangi ya maji badala ya ya mafuta, na kopo lionyeshe kwamba madini ya risasi hayazidi sehemu 90 kwa milioni, kikomo kilichowekwa na viwango vya Afrika Mashariki. Ukuta wa mawe ya matumbawe upakwe chokaa, kwani plasta ya saruji inafungia unyevu na chumvi ndani yake. Rangi ya zamani ikibabuka, ilowekwe kabla ya kukwanguliwa, watoto wakiwa mbali.

La nane: sola

Nimeiweka hapa kwa sababu nyumba ambayo haijapita hatua za juu italazimika kununua sola kubwa maradufu. Ukishapunguza mahitaji, ndipo ununue, na uangalie betri kuliko paneli. Betri ya jeli, ambayo nayo ni ya risasi, ya volti 12 na Ah 200 ina yuniti 2.4 kwenye karatasi, lakini ukitaka idumu utumie nusu tu. Lithiamu ya fosfati ya chuma unaweza kuitumia hadi asilimia 80 au 90 na hudumu kwa maelfu ya mizunguko ya kuchaji. Ni ghali siku ya kununua, ni nafuu mwaka wa sita.

Ipo na sababu ya pili ya kuikimbia betri ya risasi. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Phyllis Omido alipigania haki yao, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kama tayari una betri za risasi, zitumie hadi mwisho, kisha zirudishe kwa muuzaji anayezipokea kwa risiti. Usimpe mpita njia wa vyuma chakavu, maana hujui atakwenda kuipasulia kwenye uwanja wa nani.

Kwa anayetaka maji ya moto tu, hita ya sola ya juu ya paa inampa bila betri yoyote, na hiyo ningeipandisha hadi nafasi ya nne kwa nyumba ya Arusha, Iringa au Nairobi. Pwani huku, wengi wetu tunaoga maji ya bomba jinsi yalivyo.