Tochi ya ulinzi: mwizi wa kwanza alikuwa betri yake

Nimepigwa. Niliinunua Kariakoo miezi kadhaa nyuma, baada ya jirani kuibiwa kuku na pampu ya maji. Ni zile tochi nyeusi wauzaji wanazoziita za kipolisi. Pale dukani ilimulika hadi ghorofa ya nne ya jengo la mbele, nikajiona askari.

Usiku wenyewe ukafika. Umeme umekatika mtaa mzima, mbwa wanabweka, bati la banda la kuku likagonga. Nikatoka, panga kulia, tochi kushoto. Sijafika hata mwembeni mwanga ukageuka wa manjano, ukapepesa, ukazima. Giza totoro. Nimesimama uani na panga langu, na kama kuna mtu bandani basi anajua vizuri nilipo, maana nimetoka kummulika. Mke wangu akauliza dirishani, "Baba Asha, mbona umezima?" Nimezima mimi? Betri ililala kwenye chaji hadi taa ikawa kijani!

Nikairudisha. Kijana wa duka hakuinua macho kwenye simu. "Mzee, hiyo ni betri, siyo jenereta." Nikamwonesha maandishi ya ubavuni mwa betri, 9900 mAh, yaani kiasi cha chaji inachobeba. Akacheka. Bei ningeshaisahau, kile kicheko bado.

Kwa hasira nikaingia kwa sonara wa mtaa wa pili, nikaomba mizani. Gramu 28. Betri ya kweli ya aina hiyo, 18650 (yaani upana milimita 18, urefu 65), ina uzito wa gramu 45 na ushee, na hata zile nzuri za Samsung au Panasonic huwa 3500 hivi. Hiyo 9900 ni uongo uliochapwa kwa rangi ya dhahabu.

Sasa sikilizeni. Fundi kompyuta wa mtaani kwetu alinitolea betri kama hiyo kwenye laptop iliyokufa, akaipima kwa mita, akaichomeka. Tochi ileile! Imewaka zaidi ya saa mbili bila kupepesa. Aliniambia tu nisiiache kwenye chaji nikalala, kwa sababu hizo za laptop zenyewe hazina kinga ya kuzuia chaji kupita kiasi. Nilikuja hapa kuwaambia msiinunue, na sasa nasema inunueni, betri mwachieni yule kijana juu ya meza yake aendelee kucheka.

Ila hapana. Kuna kitufe. Ukikibonyeza mara moja unapata mwanga mkali, mara ya pili hafifu, mara ya tatu disko. Na inakumbuka ulipoishia, kwa hiyo juzi nimekurupuka usingizini nikamulika ua mzima kama ukumbi wa harusi. Mtu anayetetemeka anataka kitufe kimoja, mwanga mmoja. Aliyeunda kitu hiki hajawahi kuamshwa na mbwa.

Mzee wa ulinzi shirikishi hapa kwetu ana tochi ya bati ya betri mbili kubwa za kawaida. Asipokuwa zamu anazitoa zisije zikavujia ndani. Nilikuwa namcheka. Wiki hii nimemwomba aniuzie, amekataa.