FFmpeg na Picha 1,116 za Maji Kujaa Bagamoyo

Siku za bamvua, bahari ya Bagamoyo hupwa mnamo saa nne asubuhi, na mashua na ngalawa za wavuvi hubaki zimelala ubavu juu ya mchanga mpaka maji yatakaporudi kuzinyanyua alasiri. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika kumi na kitu, muda ambao hakuna mtazamaji atakayeuvumilia, na ndiyo maana nilisimamisha kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, nikaifungia mwavuli wa kuikinga na jua, nikaiacha ipige picha moja kila baada ya sekunde 20. Nilirudi nyumbani na picha 1,116. Kilichobaki kilikuwa kuziunganisha ziwe video ya taimulapsi, ile inayobana saa nyingi ndani ya sekunde chache, na programu iliyoifanya kazi hiyo, FFmpeg, ndiyo ninayoipima hapa.

Sikuanza nayo. Nilianza na huduma moja ya mtandaoni ambayo ilinitaka kwanza nipakie picha zote, karibu GB 9, kwa bando la simu, kisha nilipie ili video isiwekewe alama yao. Niliiacha kabla ya picha ya ishirini.

FFmpeg ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Ilianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard, na hata msomaji ambaye hajawahi kuisikia huenda ameitumia bila kujua, kwa kuwa maktaba zake, yaani vipande vya msimbo wake, zimo ndani ya programu nyingine nyingi, VLC ya kuchezea video ikiwa mojawapo. Haina vitufe wala dirisha la kuburuta picha. Unaiandikia amri, nayo inatenda. Hilo huwakimbiza wengi, na siwalaumu, lakini kwa kazi hii mahususi amri yenyewe ni mstari mmoja tu, na ukishauandika mara moja unauhifadhi na kuutumia miaka yote. Wangu ni huu:

ffmpeg -framerate 25 -start_number 2381 -i IMG_%04d.JPG -vf "scale=1920:-2,crop=1920:1080,deflicker=size=10" -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p bahari.mp4

Picha 25 kwa sekunde zinatoa video ya sekunde 45 kasoro kidogo. Jambo la kuangalia ni kwamba -framerate lazima itangulie -i, ile inayotaja picha za kusomwa, kwa sababu inaeleza kasi ya kuzisoma. Anayeandika -r baada ya -i akidhani ni kitu kilekile atashangaa: programu itaendelea kusoma picha kwa kasi yake ya kawaida, ambayo ni 25, kisha itatupa au kurudufu fremu ili kufikia idadi aliyoitaja, na urefu wa video hautabadilika.

Alama ya %04d inamaanisha namba ya tarakimu nne katika jina la faili, na hapa ndipo programu hii inapoonyesha tabia yake. Ni mtumishi mtiifu mno: hutenda ulichosema, si ulichokusudia. Usipoitajia namba ya kwanza, huitafuta kuanzia 0 hadi 4, na isipoiona hukataa kuendelea, jambo ambalo angalau linaeleweka. Kibaya zaidi ni pengo. Nilikuwa nimefuta picha chache ambazo mtoto mmoja alikuja kuchungulia ndani ya lenzi, na video yangu ya kwanza ikaishia sekunde ya 11, maji yakiwa hayajazifikia hata ngalawa za mbele. Haikulalamika, iliona namba inayofuata haipo, ikahesabu kwamba kazi imekwisha. Ilinibidi nizirejeshe picha zile kutoka kwenye kadi, na mtoto yule sasa anaonekana kwa chini ya nusu sekunde, kama mzimu. Kwa atakayependa kufuta, dawa ni kuzipa picha zilizobaki majina mapya yenye namba zinazofuatana. Kwenye Linux ipo njia ya kuzisoma picha zote za folda kwa mpangilio wa majina bila kujali mapengo, ila kwenye Windows njia hiyo kwa kawaida haifanyi kazi. Ajihadhari pia mwenye kamera iliyokaribia namba 9999, kwa sababu ikirudi 0001 katikati ya upigaji, nusu ya pili ya siku itatangulia ya kwanza.

Sehemu ya mwisho, -pix_fmt yuv420p, wengi huiacha kwa sababu video hutoka hata bila hiyo. Hutoka, lakini picha za JPEG za kamera nyingi huhifadhi rangi kwa wingi kuliko simu na televisheni nyingi zinavyoweza kusoma katika video, na FFmpeg ikiachwa itaulinda wingi huo. Matokeo yake ni video inayocheza vizuri kwenye kompyuta yako na kuonyesha giza tupu kwenye simu ya shangazi uliyemtumia. Kuhusu -crf 18, inatosha kusema kwamba namba ikipungua ubora unapanda na faili linakuwa zito. Kiwango cha kawaida ni 23.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni nafasi ambayo picha za mnato zinakupa na ambayo video ya kawaida haina. Kila picha yangu ina upana wa pikseli 6000 na kimo cha 4000, ilhali video ya umbo la televisheni inahitaji kimo cha 3375 tu kutoka kwenye upana huo. Pikseli 625 zinabaki bila kazi. Kichujio cha crop, kile kinachokata picha, hukubali kupewa hesabu badala ya namba moja, kwa hiyo unaweza kukiamuru kianze juu kabisa ya picha na kushuka kidogo katika kila fremu, na mtazamaji ataona kana kwamba kamera iliinamishwa polepole kutoka mawinguni hadi majini, wakati stendi haikusogea hata unywele. Ikate picha ikiwa bado kubwa, ndipo uipunguze. Ukifanya kinyume chake, mwendo utakuwa wa kugotagota.

Deflicker ndiyo inayopaswa kutuliza kupepesa, ugonjwa mkuu wa taimulapsi. Chanzo chake kwa kawaida ni kamera kujiamulia mwangaza upya kwa kila picha, lakini hata ukiweka kila kitu kwa mkono, tundu la lenzi halijifungi kwa kipimo kilekile kila mara, na tofauti ndogo isiyoonekana katika picha moja huwa mtikisiko wa nuru zikipita 25 kwa sekunde. Kichujio hiki hulinganisha mwangaza wa fremu zinazokaribiana na kuusawazisha, nacho kilinisaidia sana. Hata hivyo hakigusi rangi. Picha zangu mia za mwanzo nilizipiga mizani ya weupe, inayoamua rangi za picha zielemee wapi, ikiwa ya kujiendesha, mchanga ukawa mara wa njano, mara wa buluu, na hakuna kichujio kilichouponya. Kosa hilo lilikuwa langu, na lilifanyika ufukweni.

Kwa machweo sipendekezi FFmpeg peke yake. Nuru inaposhuka kutoka mchana hadi usiku mpiga picha hulazimika kubadilisha mipangilio kwa ngazi, na kuzilainisha ngazi hizo ni kazi ya programu kama LRTimelapse ya Mjerumani Gunther Wegner, inayoshirikiana na Lightroom, programu ya kuhariri picha, na kugharimu fedha. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, nayo huzipokea picha zilizopangwa kwa namba kama klipu moja, na toleo lake la bure linatosha, ila linadai kompyuta yenye nguvu. FFmpeg ilimaliza kazi yangu kwa dakika zisizofika kumi kwenye kompyuta mpakato kuukuu ambayo hiyo nyingine haingekubali hata kufunguka. Asiye na kompyuta kabisa anaweza kuiweka kwenye simu ya Android kupitia Termux, programu ya kuandikia amri kwenye simu, kwa amri pkg install ffmpeg. Nimeijaribu kwa picha 300 na ikafanya kazi, ingawa simu ilipata moto kiasi cha kuniogopesha, na kuandika amri yote ile kwa kidole gumba kunahitaji subira ya mvuvi.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano ningeitoa siku itakapokuwa inaniambia, kabla ya kufunga faili, kwamba imesoma picha 280 na kuwa folda ina zaidi ya elfu moja.