Paketi ya homoni Thika Road: sindano nzuri, saa mbaya

Niseme mapema, jina la hii kliniki siweki hapa, wenye wanaijua watajua. Iko ghorofani kando ya Thika Road na kila wiki wanapost ofa na picha ya mwanamke ameshika kiuno anacheka. Nyota mbili kwa tano. Moja ni ya dada wa kutoa damu, nyingine ni ya choo, na sifanyi mzaha, kilikuwa na maji, sabuni na tishu zote siku moja.

Sasa. Tangu mwezi wa nne nimekuwa mtu wa kuchoka tu. Si uchovu wa kazi, ni ule wa kuamka unaskia kama usiku kucha ulikuwa unabeba mawe. Nywele zinabaki kwa kitana, ngozi imekauka kama omena ya Gikomba, choo kubwa mara mbili kwa wiki (samahani kama unakula), kilo 6 zimeingia na ugali sijaongeza, na baridi! Watu wako na tisheti mimi nimevaa jaketi ya mtu wa nduthi. Kwa ofisi walikuwa wanadhani ni mimba.

Ndio nikaona ofa yao: Paketi ya Homoni za Mwanamke, vipimo nane, ilikuwa 12,000 sasa ni 8,500. Nikajiambia wacha nijue moja. Nikaenda Alhamisi saa tisa mchana juu hiyo ndio saa bosi aliniachilia, na njiani nikawa nimepita kibandani nikashiba chapo madondo. Pale mapokezi hakuna mtu aliniuliza nimekula saa ngapi, niko siku ya ngapi ya mwezi, ama natumia dawa gani. Swali lilikuwa moja tu, M-Pesa ama kadi?

Dada wa maabara lakini, huyo apewe mshahara mara mbili. Mishipa yangu hujificha, nimeshawahi kudungwa mara nne na bado wakakosa. Huyu alifunga ile raba, akagusagusa kwa kidole polepole, akaniambia "angalia huko dirishani mamaa, nihesabie mathree za Githurai zinapita." Nikafika ya tatu, akawa amemaliza anabandika pamba.

Ripoti ilikuja kwa WhatsApp saa moja jioni, siku hiyo hiyo, kwa hilo nawapa. Kuifungua, nyekundu kila mahali. TSH chini sana, T4 juu, na chini yake mtu ameandika eti thairoidi yangu, ile tezi ya shingoni, inafanya kazi kupita kiasi, nione daktari haraka. Kotisoli, homoni ya stresi, chini. Projesteroni chini. Insulini juu. Nilimtumia dada yangu akanijibu "kwani wewe ni nini haijaharibika?" Sikulala. Nilianza kupanga nani atachukua watoto.

Wiki iliyofuata nikalipa daktari wa homoni huko mjini 3,500, na hapa ndio nilijua nilikuwa nimechezwa. Yule mzee hata hakuangalia ripoti kwanza. Aliniambia nyoosha mikono mbele, tandaza vidole, akachukua karatasi ya printa akailaza juu yake. Ikatulia tuli. Akashika kifundo cha mkono akiangalia saa yake ya ukutani, mapigo 58. Akasema mama, mtu ambaye thairoidi yake inakimbia hii karatasi ingekuwa inatetemeka, moyo ungekuwa mbio, angekuwa anatoka jasho na kukonda huku anakula, na wewe uko na jaketi ndani ya ofisi yangu. Ndio sasa akachukua ripoti, akaisoma, akaniuliza kitu sikutarajia: kuna tembe za nywele unameza?

Ziko. Zile za nywele na kucha ambazo kila mtu anauza, bayotini (ni vitamini) ya mikrogramu 10,000, nilianza kuzimeza juu nywele zinatoka. Akanieleza kuna mashine za maabara zinatumia hiyo hiyo bayotini kama gundi ya kunasa homoni ndani ya damu, so damu ikiwa imejaa bayotini ya tembe, gundi inachanganyikiwa. TSH inasomeka chini ya ilivyo na T4 inasomeka juu, mtu anatokea karatasini na ugonjwa hana. Na wangu ulikuwa wa upande ule mwingine kabisa! Aki nilinyamaza kidogo nikifikiria kama ningekuwa nimeenda duka la dawa na ile karatasi nikapewa kitu cha kupunguza thairoidi.

Mimi nikamwambia sielewi, kama TSH ni ya thairoidi mbona ikiwa juu ndio thairoidi iko chini. Akacheka, akauliza kwenu maji hupanda aje kwa tangi ya juu. Nikamwambia kuna pampu na kuna keateka, tangi ikipungua keateka anapiga kelele pampu iwashwe. Akasema basi umeshaelewa. Hii tezi ya shingoni ni pampu, inatengeneza T4 na T3, hizo ndizo zinaambia mwili uchome chakula kwa kasi gani, moyo upige aje, utumbo usukume aje, ngozi na nywele zikae aje. Keateka ni tezi ya pituitari, kadude kama njegere kananing'inia chini ya ubongo, na TSH ni kelele yake. Pampu ikichoka kelele zinazidi. Tangi ikijaa ananyamaza. Kwa hivyo ukiona TSH iko juu usiseme maji ni mengi, maji ndio hakuna. Mimi naishi Roysambu, maji ni Jumanne na Ijumaa, hiyo mfano iliingia mpaka kwa mfupa.

Hizo zingine alizipitia haraka haraka akizikata na kalamu. Kotisoli hupanda kuelekea alfajiri, inakuwa kileleni kama saa mbili asubuhi, halafu inashuka mpaka usiku wa manane iko chini kabisa, sasa wao wamenitoa saa tisa mchana wakalinganisha na viwango vya asubuhi. Ni kama kuhesabu abiria steji saa tisa mchana useme watu wa Githurai wamehama. Projesteroni hupimwa kama siku saba kabla ya mwezi kuja, baada ya yai kutoka, na mimi nilikuwa siku ya nne, lazima iwe chini. Na insulini ya kufunga, ile ya mtu hajala, wamepima mtu ametoka kula chapo madondo, kongosho langu lilikuwa kazini likitoa insulini vile liliumbwa kufanya, wakaliandikia nyekundu.

Tukarudia. Niliacha zile tembe siku tatu, nikaenda maabara nyingine asubuhi, vipimo ni TSH na T4 na kile cha antibodi basi, vitatu tu si nane. TSH 14, na kawaida kwa mtu mzima ni kama 0.4 hadi 4. T4 chini. Antibodi juu, maana yake kinga ya mwili wangu yenyewe ndio inashambulia tezi, unaitwa ugonjwa wa Hashimoto, jina la daktari Mjapani aliyeuandika 1912. Shangazi yangu alikuwa ameapa ni chumvi kukosa ayodini, juu shosho alikuwa na rovu shingoni, lakini chumvi yetu ya dukani tayari inatiwa ayodini kwa sheria, na kuongeza ayodini ovyo kwa mtu wa Hashimoto inaweza hata kuharibu zaidi.

Sasa namezea tembe ya levothairoksini, yaani T4 ya kutengenezwa, mikrogramu 50 kila asubuhi, tumbo tupu, na maji tu. Chai ya maziwa nangoja saa nzima, na hii ndio sehemu ngumu ya ugonjwa wote, mtu wa Nairobi akae saa nzima bila chai. Tembe za kuongeza damu na za kalsiamu ni masaa manne mbali nayo. Daktari alikataa nirudi kupima kabla ya wiki sita, akasema hiyo homoni ukiimeza leo, baada ya siku saba nusu yake bado iko mwilini, so ukipima mapema keateka atakuwa bado anapiga kelele za zamani.

Wiki sita zimeisha. TSH 5.2, ameongeza dozi kidogo. Choo imerudi, jaketi nimeacha nyumbani, nywele bado ila nimeambiwa hizo huchukua miezi.

Nilirudi kwa wale wa Thika Road na ripoti zote mbili. Sikuenda kupigana, nilitaka pesa yangu na pia waanze kuuliza watu maswali mawili matatu kabla ya sindano. Meneja kijana mpole alisoma, akasema pole mum, akanipa kuponi ya asilimia 10 ya paketi ingine. Maabara yenyewe sio mbaya jameni, damu walitoa vizuri na mashine zilisoma kile zilipewa, shida ni kuuza vipimo nane kwa bei moja kwa saa moja kama homoni zote hutoka nyumbani pamoja. Kama unataka tu sukari ama kuhesabiwa damu, nenda, dada wa mathree yuko zamu ya mchana. Paking ni vita, panda matatu.

Juzi wamenitumia tena: "Hi mum, ofa ya homoni imerudi!" Nikawauliza kotisoli mnatoa saa ngapi. Tiki mbili za bluu mpaka leo.