Uzoefu wangu na huduma ya kufuta kumbukumbu ya ajali kwenye kidhibiti cha mifuko ya hewa

Niliitafuta huduma hii baada ya mgongano ambao kwa nje haukuonekana mkubwa. Gari langu liliparamia nyuma ya lori lililosimama ghafla, bampa likapasuka na boneti ikajikunja kidogo, lakini mifuko ya hewa haikufunguka. Kilichofyatuka ni kikaza mkanda cha kiti cha dereva peke yake. Nilisikia mlio mkavu kama wa fataki karibu na kiuno, mkanda ukanibana kifuani kabla sijatambua kwamba nimegonga, kisha ukakwama kabisa, ukawa hautoki wala haurudi. Kwenye dashibodi iliwaka taa ya mfuko wa hewa, na tangu hapo haikuzima.

Fundi wa kwanza niliyemwendea alichomeka mashine yake ya kupima, akafuta makosa yote, akawasha swichi upya, na makosa mawili yakarudi papo hapo. La kwanza lilihusu ukinzani wa umeme kwenye kikaza cha dereva, na la pili lilisema kwamba taarifa za ajali zimehifadhiwa. Ushauri wake ulikuwa mfupi: “Hapa tunafunga rezista ya omu mbili tu, kaka, taa inazima na unaendelea na safari.” Nilikataa, na naona ni vyema kueleza sababu, kwa kuwa mbinu hiyo ndiyo inayofanya magari mengi yaliyowahi kugonga yauzwe yakiwa na dashibodi safi. Kila mfuko wa hewa na kila kikaza kina kiwashio chake, yaani waya mwembamba sana uliozungukwa na baruti, na kidhibiti hupitisha humo mkondo hafifu wa umeme ili kupima ukinzani wake, ambao kwa kawaida huwa karibu na omu 2. Rezista, yaani kijipande cha kuzuia umeme kinachofungwa mahali pa kiwashio, hukijibu kidhibiti kwa namba kinayoitarajia. Taa huzima kweli, ila mkanda hautamkaza mtu yeyote siku ya mgongano mwingine.

Niliwapelekea kidhibiti mafundi wanaoshughulikia vifaa hivi pekee, na kabla ya kukifungua walinieleza kazi yake kwa uvumilivu ambao sikuutarajia. Ni kisanduku kidogo cha chuma kinachofungwa kwenye sakafu ya gari, katikati, chini ya sehemu ya gia, na mgongoni kina mshale ambao ni lazima uelekee mbele. Ndani yake kuna sensa zinazopima jinsi mwendo unavyopungua, na katika magari mengi zipo nyingine karibu na bampa na ndani ya milango, ambazo hukipelekea kidhibiti habari mapema zaidi. Sensa moja peke yake haiaminiwi. Kwa mujibu wa maelezo yao, ni lazima njia ya pili, inayojitegemea, ikubali kwamba kweli kuna mgongano, ndipo umeme uruhusiwe kwenda kwenye viwashio, kwa sababu shimo la barabarani au nyundo ya fundi chini ya gari haipaswi kumfungulia dereva mfuko usoni. Uamuzi wote huo hufanyika ndani ya makumi machache ya milisekunde, na kupepesa jicho mara moja huchukua muda mrefu kuliko huo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mkanda wangu ulikazwa na mifuko ikaachwa. Vikaza na mifuko havina kiwango kimoja cha kufyatuka. Kikaza huitwa kwanza, hata katika mgongano wa wastani, ili kuondoa ulegevu wa mkanda na kumrudisha mtu kwenye kiti, na mfuko hufunguliwa pale tu nguvu ya mgongano inapozidi kile ambacho mkanda unaweza kukimudu. Mfuko wenyewe hufunguka kwa kasi kubwa mno, kwa hiyo mtu ambaye hakufunga mkanda na tayari ameinamia usukani anaweza kuumizwa na kifaa kilichowekwa kumwokoa. Kiti cha abiria kilikuwa kitupu, na swichi ndani ya kifungio cha mkanda wa upande ule ilikionyesha kidhibiti changu kuwa haujafungwa, na kwa sababu hiyo kikaza cha abiria kilibaki kizima. Hilo lilinipunguzia gharama ya mkanda mmoja.

Jambo lililonivutia zaidi ni kapasita zilizomo ndani ya kisanduku. Hizo huhifadhi umeme wa kutosha kufyatua mifuko na vikaza hata kama betri imekatika mwanzoni mwa mgongano. Ndiyo maana mafundi hawa huagiza, kabla ya kugusa soketi yoyote ya manjano, rangi ya nyaya za mifuko ya hewa, kwamba swichi izimwe, waya wa betri utolewe, na mtu asubiri dakika kadhaa kama kitabu cha gari husika kinavyoelekeza. Huonya pia kwamba viwashio visipimwe kwa mita ya kawaida ya umeme, kwa kuwa mkondo wa mita unaweza kutosha kulipua. Kijana aliyenipokelea kidhibiti alinionyesha bati dogo lililo ndani ya soketi, ambalo linagusanisha pini zote mbili mara soketi inapochomolewa, ili umeme tuli wa mwilini usipate njia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Walifungua kisanduku, wakakagua ubao wa saketi kwa kioo cha kukuzia wakitafuta maji, kutu na nyufa, wakasoma chipu ya kumbukumbu, wakaondoa sehemu ya ajali na kuiandika upya. Mashine ya kawaida haiwezi kufuta sehemu hiyo kwa sababu watengenezaji waliifunga kwa makusudi: wengi wao huelekeza kwamba kidhibiti kilichokwisha kufyatua mifuko kibadilishwe, kisitumike tena. Naukubali msimamo huo kwa gari lililopondeka au lililozama. Changu hakikufungua mfuko hata mmoja, kisanduku hakikuwa na mkunjo, na sakafu kilipofungwa ilikuwa imenyooka, kwa hiyo niliridhika na kuandikwa upya. Kama mifuko ingefunguka, ningenunua kidhibiti kipya na kulipia pia kukisajili kwa namba ya gari.

Kilirudi baada ya siku tatu. Niliwasha swichi nikitazamia taa izime, nayo ikabaki inawaka. Nilikasirika bure. Kosa la ajali lilikuwa limeondoka, na lililobaki ni lile la ukinzani, kwa kuwa kikaza kilichofyatuka ni baruti iliyokwisha kuungua na hakuna programu inayoweza kuirudisha. Ningejua hivyo mapema kama ningetazama kifungio cha upande wangu: kilikuwa kimevutwa chini, kifuniko chake cha plastiki kimejikunjakunja, na kilikaa chini ya kile cha abiria kwa upana wa vidole vitatu. Nilibadilisha mkanda mzima pamoja na kifungio.

Wakati wa kukifunga kidhibiti, fundi wangu alikaza skrubu mbili na ya tatu akabaki nayo mkononi, akidai kwamba mbili zinatosha. Nilimwomba aifunge. Sensa hupokea mtikisiko kupitia skrubu hizo, na kisanduku kinachochezacheza hakiwezi kulisoma gari kwa usahihi. Alinitazama kama mtu anayehesabu dakika alizopotezewa, lakini aliifunga. Baada ya hapo taa iliwaka sekunde chache, ikazima, na imekuwa ikifanya hivyo kila asubuhi kwa miezi minne.

Kwa kazi ya mikono nawapa nyota tano. Nyota moja naiondoa kwa mambo mawili. Hawakuniandikia mahali popote kwamba taa haitazima hadi vifaa vilivyofyatuka vibadilishwe, ilhali walijua kilichofyatuka tangu siku ya kwanza. Na nilipoomba nakala ya kumbukumbu ya ajali, niliambiwa kwamba imekwisha kufutwa bila kuhifadhiwa. Vidhibiti vingi vya kisasa huandika mwendo wa gari, matumizi ya breki na kama mkanda ulifungwa, katika sekunde chache kabla ya mgongano, na mimi bado nabishana na bima kuhusu nani alifunga breki kwanza.