Vibano vya kujengea modeli: vipi vinafaa, na Mwanza uvitafute wapi

Wadau wa modeli wa Kanda ya Ziwa, yaani sisi tunaojenga ndege na meli ndogo za plastiki, nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka aondoke nalo. Kibano cha kwanza kununua ni cha mafundi simu, chenye ncha iliyopinda, stenlesi, springi laini, na duka la kwenda ni la spea za simu na sio la vipodozi. Basi. Sasa mwenye nafasi akae tuongee, maana hiki kifaa watu wanakidharau sana, unakuta mtu ametafuta seti ya ndege ya skeli 1/72 (yaani imepunguzwa mara 72) kwa shida, kaagiza, kasubiri, kalipia, halafu anaijenga kwa kibano cha dada yake cha nyusi.

Vya nyusi sio vibaya kwa kazi yake, ila vimetengenezwa kung'oa. Mdomo wake ni mpana umekatwa mshazari na springi yake ni ngumu, kwa hiyo unaminya kwa nguvu ndio kishike. Kipande cha plastiki cha milimita mbili hakitaki nguvu, ukikiminya zaidi ya kinachohitaji na mdomo haujakutana sawasawa kinateleza kinaruka, na kikiruka kwenye sakafu ya terazo ujue umekwisha, rangi zile zote zinafanana nacho. Halafu vidole vinachoka, na vikichoka vinatetemeka, hapo hata ungekuwa na jicho la furukombe haisaidii.

Mimi najenga meli zaidi, na meli ndiyo inayopima kibano kuliko kitu chochote. Chukua hii MV Mwanza yetu, ile meli mpya ya Ziwa Victoria, urefu wake mita 92.6, ukiishusha kwenye skeli ya 1/350 unapata sentimita 26 na nusu hivi, inakaa vizuri tu juu ya meza. Lakini uzio wa sitaha wenye kimo cha mita moja unakuwa haufiki hata milimita 3! Na huo uzio unatakiwa ushikwe, upindwe, uguswe gundi kidogo mno, uwekwe ulipochorwa bila kugusa rangi ya pembeni. Seti yake dukani sijawahi kuiona kwa hiyo ni kukata kila kitu mwenyewe, plastiki bapa na waya mwembamba wa shaba, na kila kipande kinapita kwenye kibano. Ndio maana nasema ukiwa na bajeti ndogo punguza kwenye rangi, punguza kwenye brashi, ila kibano usipunguze.

Nikija kwenye maduka. Pale Makoroboi na mitaa ya jirani kuna wauza vifaa vya mafundi simu wengi tu, na uzuri wa wale vijana wanakuacha ujaribu, mmoja aliniambia "kaka we pima mpaka uridhike, mafundi wote wanapima hapa hapa", na kweli nikapima nusu ya boksi lake hakununa hata kidogo. Bei yake haifiki sahani ya wali na sato kwenye migahawa ya ufukweni. Vingi vimeandikwa ESD na namba, ESD-11 imenyooka ina ncha kali, ESD-15 imepinda. Hiyo ESD maana yake vina rangi nyeusi ya kuzuia umeme tuli usiue vitu vya ndani ya simu, kwa modeli haina kazi yoyote ila haina madhara pia, angalia tu isiwe imeanza kubanduka maana vijipande vyeusi vikidondokea kwenye rangi nyeupe ambayo haijakauka utalia. Kama kuna vya stenlesi visivyopakwa kitu chukua hivyo.

Ila sasa namba isikudanganye, copy ni nyingi mno na namba moja inaweza kuwa na vibano vitano vyenye tabia tano, ndio maana kupima ni lazima. Ninavyopima mimi, natoka nacho nje kwenye mwanga, nakifunga taratibu kabisa huku nakiangalia kwa ubavu. Ncha ndizo zinatakiwa zigusane kwanza, mwisho kabisa pale, halafu ukiongeza kuminya mdomo ufunge kurudi nyuma huku ncha zimebaki zimeshikana. Kama ukiminya zaidi ncha zinaachama kama mdomo wa mamba acha. Kama zinapishana, moja imepita pembeni ya nyingine, acha pia hata wakikupunguzia bei. Baada ya hapo nashika unywele mmoja wa mkononi nauvuta, kibano kizima kinaushika bila kubembeleza, kibovu unateleza tu. Na cha mwisho springi, fungua na funga mara nyingi mfululizo huku unaongea na muuzaji, kidole gumba kikianza kusikia uzito ujue hicho sio cha kukaa nacho mezani usiku mzima.

Habari ya kibano kuvutwa na sumaku, hapa watu wanabishana sana. Plastiki haivutwi na sumaku na shaba pia haivutwi, kwa hiyo kwa vipande vya modeli vyenyewe sio ishu kubwa, inakuja kuwa ishu ukitumia waya wa chuma au zile sumaku ndogo za kushikiza mnara utoke na kurudi, hapo kibano chenye usumaku kinakataa kuachia kipande. Mimi napima kwa sababu nyingine, stenlesi isiyovutwa na sumaku kwa kawaida inavumilia kutu zaidi, na sisi tunakaa kando ya ziwa, halafu kibano chenyewe kinaingia kwenye maji kila ukibandika stika. Kwa hiyo sumaku ya spika iliyokufa inakaa mfukoni.

Halafu usichote kwenye lundo la mezani. Pale vimelaliana ncha zikiwa wazi na ncha kali ikigonga chuma kingine inapinda, hata kama kwa macho huoni. Omba cha ndani ya boksi chenye kifuniko cha plastiki kwenye ncha, na hicho kifuniko ukitunze, kikipotea kata kimrija cha wino wa kalamu ya Bic iliyoisha kinaingia vizuri.

Kwa nini nasema kilichopinda kiwe cha kwanza na sio kilichonyooka? Kwa sababu kilichonyooka kinakuziba, mkono wako unakuwa kati ya jicho na kipande, wakati kilichopinda mkono unakaa pembeni na unaona unakoweka. Chumba cha nahodha, chumba cha rubani wa ndege, chini ya mabawa, kote huko kinaingia. Cha kunyooka kinafuata, hiki kinapendeza kwenye vibati vyembamba vya shaba na kuchomoa vipande vidogo kwenye fremu ya plastiki vinamokuja vimeshikana.

Stika za maji, zile unazoloweka kwanza ndio ubandike, ni habari nyingine kabisa. Ncha kali inatoboa stika au inaikunja, inabidi uwe na kibano bapa chenye mdomo mpana laini usio na meno. Tamiya ya Japani wanatengeneza kimoja maalumu kwa stika, kizuri sana ila kwa huku kwetu ni mpaka uagize. Mbadala wake ni vile vya wakusanya stempu, mdomo wake kama koleo dogo la mchanga, na ukipata hivyo umemaliza, hata sioni haja ya kuhangaika na cha Japani.

Vya maduka ya vifaa tiba vina chuma kizuri kweli kweli, nimevishika, vizito na imara, lakini vingi vina meno ndani ya mdomo na meno yanaacha alama kwenye plastiki, alama ambayo ukishapaka rangi ndio inaonekana zaidi. Navitumia kushikia mbao, kuvuta nyuzi na kutoa kitu kilichozama kwenye chupa ya rangi. Kwa modeli yenyewe hapana.

Matunzo mafupi tu. Supaglu ikiganda kwenye ncha usikwangue na wembe, futa na asetoni ile ya kutolea rangi ya kucha, ila subiri ikauke kabisa ndio uguse modeli maana asetoni inayeyusha plastiki. Ncha ikiharibika kidogo, msasa laini wa 1000 kwenda juu, ukunje, uubane katikati ya ncha na uvute polepole, inarudi.

Na wanaopaka rangi jioni madirisha wazi mnajua vile vidudu vya ziwani vinavyokuja kama moshi, kimoja kikitua kwenye rangi mbichi usikipulize wala kukigusa na kidole. Kibano kilichopinda, shika bawa tu, nyanyua wima. Alama inayobaki ni ndogo mno na rangi inajifunga yenyewe kama bado ni mbichi.

Kilichobaki ni cha kinyume, kile ukiminya kinafunguka na ukiachia kinabana chenyewe. Hiki ni mkono wa tatu, kinashika kipande gundi ikauke au kinashikilia kitu kidogo ukipake rangi. Hapa mjini mara nyingi nakikuta ndani ya seti za vibano vingi na hivyo vingine vya seti ni vya hovyo, lakini kama cha kinyume kimepita vipimo vyote nilivyosema nunua seti nzima kwa ajili yake, inalipa.