Python, saa tatu zilizopotea na kiti namba 14

Nimeandika Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa miaka mingi kiasi kwamba nimeacha kuhesabu. Ndiyo lugha iliyonilipia kodi ya nyumba, na ndiyo ninayowafundisha wadogo zangu wakija likizo. Kwa hiyo ninayoyasema hapa yanatoka kwa mtu wa ndani, na hasira yangu ni ya mtu aliyeumizwa na wa nyumbani.

Niliwatengenezea watu wa basi mfumo mdogo wa tiketi. Mabasi yao yanatoka Dar kwenda mikoa ya kaskazini, na jina lao halihusiki. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Abiria anapiga simu, karani anamshikia kiti kwa nusu saa, abiria analipa kwa simu, kiti kinakuwa chake. Nusu saa ikipita hajalipa, kiti kinarudi sokoni. Mfumo ulikaa kwenye seva ya kukodi huko Ulaya, ukafanya kazi miezi na miezi bila mtu kulalamika.

Kisha intaneti ya ofisini ikaanza kukatika. Kila ikikatika tiketi zinasimama, na watu wamepanga foleni mpaka nje. Mwenye basi akaniambia, "Mwanangu, hii kitu nataka ikae hapa hapa, chini ya kaunta." Nikanunua kompyuta ndogo yenye Windows, nikahamisha kila kitu jioni moja, nikajaribu mara mbili tatu kwa haraka, nikaenda kulala. Msimu wa Iddi ulikuwa umekaribia.

Asubuhi ya siku ya pili nikapigiwa simu gari halijatoka stendi. Kiti namba 14 kina watu wawili. Kiti namba 22 pia. Nyuma huko viti vitatu vina ugomvi. Nilipofika nikamkuta mama mmoja amesimama mlangoni mwa basi, mtoto mgongoni, ujumbe wa malipo uko wazi kwenye simu yake. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Baba, mimi si nimelipa?" Alikuwa amelipa. Na kijana aliyekikalia kiti alikuwa amelipa vilevile.

Usiku ule sikulala. Nilikaa kwenye kaunta yao nikichapisha namba kwenye skrini, mstari kwa mstari, mpaka nikaiona: tofauti ya sekunde 10,800. Si 10,799 wala 10,801. Saa tatu kamili. Mtu yeyote wa Afrika Mashariki aliyewahi kugusa kompyuta akiona saa tatu kamili anajua mwizi ni nani. Ni tofauti kati ya saa yetu na saa ya dunia, ile UTC.

Naomba mnivumilie niueleze mtego wenyewe, maana bila huo hasira yangu haitaeleweka. Ndani ya maktaba inayokuja na Python kuna moduli, yaani fungu la msimbo ulio tayari, ya tarehe na saa, datetime. Humo mna fanksheni, yaani amri unayoiita ikufanyie kazi moja, inaitwa utcnow. Jina linasema lenyewe: nipe saa ya dunia sasa hivi. Inakupa. Lakini saa inayokupa haina alama yoyote ya kusema kwamba ni ya dunia. Ni tarakimu tupu, kama saa ya ukutani iliyong'olewa ikawekwa mezani, hujui ilikuwa ya nyumba gani. Kisha kuna fanksheni nyingine, timestamp, inayogeuza tarehe kuwa hesabu ya sekunde tangu mwaka 1970. Hiyo ikikutana na saa isiyo na alama inajiamulia kuwa ni saa ya hapa, ya kompyuta hii. Moja inatoa saa ya dunia bila kuitia alama, nyingine inaipokea kama saa ya Dar. Zimo katika moduli moja.

Seva ya Ulaya ilikuwa imewekwa kwenye UTC, kwa hiyo "hapa" na "dunia" vilikuwa kitu kimoja na kosa halikuonekana. Kwenye laptopu yangu nilikuwa naendesha kila kitu ndani ya kontena, kisanduku cha programu kilichotengwa na kompyuta yenyewe, na kontena usipoigusa saa yake ni UTC. Ilipofika kwenye kompyuta ya chini ya kaunta, iliyokuwa imewekwa saa ya Dar kama inavyostahili, kila kiti kilichoshikwa kiliandikiwa muda wa kuisha uliorudi nyuma saa tatu. Toa ile nusu saa ya kusubiri malipo. Yaani kiti cha yule mama kilikuwa kimekwisha muda wake kwa saa mbili na nusu kabla hajapiga simu kukiomba. Karani wa stendi akakiona kiko wazi, akakiuza. Nani atamlaumu?

Sisi tunaohesabu saa kwa jua tunajua vizuri kuliko wengi kwamba saa bila kusema ni ya nani haina maana. Basi hilo linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kompyuta inaandika 06:00. Saa ya dunia inasema 03:00. Majina matatu ya dakika moja, na kila karani wa stendi anayapanga kichwani bila shida kwa sababu anajua lipi linatoka wapi. Ukimwambia Mtanzania "tukutane saa mbili" atakuuliza asubuhi au usiku kabla hujamaliza sentensi. Python haikuniuliza. Ilichukua namba ikaendelea na safari.

Na hapa ndipo damu inaponichemka: watengenezaji wa Python walijua. Moduli ya datetime iliingia kwenye toleo la 2.3, mwaka 2003. Fanksheni ya timestamp ikaongezwa kwenye toleo la 3.3, mwaka 2012, na hapo ndipo mtego ulipokamilika. Nyaraka rasmi zina onyo kuhusu utcnow, limeandikwa vizuri kabisa, kwamba saa zisizo na alama huchukuliwa na fanksheni nyingi kuwa saa za hapa, kwa hiyo heri utumie nyingine. Mtu kachimba shimo njiani, kaweka kibao kando ya shimo, kaenda zake. Ndiyo kwanza toleo la 3.12, Oktoba 2023, ikatangazwa kwamba utcnow haitakiwi tena. Miaka ishirini! Na hata tangazo lenyewe lilitoka kwa kunong'ona, kwa sababu maonyo ya namna hiyo Python huyaficha isipokuwa kwenye faili lile unaloliendesha moja kwa moja. Kosa likikaa kwenye moduli ya pembeni, kama langu lilivyokaa, husikii kitu. Toleo nililokuwa nalo mimi lilikuwa la zamani zaidi, hata huo mnong'ono halikuwa nao.

Siku chache baadaye tulikutana waandishi wa programu, mkutano wa kawaida, soda na sambusa. Nikamsimulia kaka mmoja anayeheshimika, mtu wa miaka mingi kwenye kazi hii. Hakuningoja nimalize. "Mdogo wangu, hayo yote yameandikwa kwenye nyaraka. Mtu asiyesoma nyaraka asiguse mifumo ya watu." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa bado naiona sura ya yule mama.

Sikumjibu siku ile, ninamjibu sasa. Kaka, onyo halikitengenezi kitu kibovu. Fanksheni yenye jina la UTC inayokupa saa ambayo moduli yenyewe itaisoma kama si UTC ni kitu kibovu, hata ukiiandikia kitabu. Ndiyo, nilistahili kuweka kizuizi kwenye hifadhidata ili kiti kimoja kisiandikwe watu wawili safari moja. Nimekiweka, kiko pale leo, na lawama hiyo naibeba yote. Hainifanyi nione haya kusema kwamba fanksheni ile ni mbaya.

Tena ushauri aliomalizia nao ndio ulionimaliza. Akasema tumia pytz, kifurushi cha kupakua chenye majira ya miji, kila mtu anatumia. Nikaipakua. Nikabandika Africa/Nairobi, jina la majira ya Nairobi humo, kwenye saa zangu, maana Nairobi na Dar tunatumia saa ileile, kwa njia ileile ambayo nyaraka za Python zinaonyesha kubandika alama ya mahali. Matokeo yakawa UTC pamoja na saa mbili na dakika 27. Niliitazama namba hiyo mpaka nikadhani macho yamechoka. Dakika 27! Kumbe pytz ukiibandika moja kwa moja, inakupa saa ya kwanza kabisa iliyomo kwenye daftari lake kwa mji huo, saa ya jua ya Nairobi kabla ya majira kusanifishwa. Ina fanksheni yake ya pekee ya kubandikia, ukiikosa umekwisha. Tiketi za basi za karne hii zilitaka kupigiwa saa ya enzi za kujengwa reli.

Na kwa nini watu wazima tulikuwa tunapakua kitu cha mtu wa nje ili tujue Nairobi ni saa ngapi? Kwa sababu maktaba ya Python yenyewe haikuwa na daftari la majira ya miji mpaka toleo la 3.9, Oktoba 2020, ilipoletwa zoneinfo. Nilipoikimbilia hiyo zoneinfo kwa furaha, kwenye Windows ikaniambia Africa/Nairobi haipo. Windows haina daftari hilo kwa namna Python inayolitaka, inabidi upakue kifurushi kingine, tzdata. Wakati huo intaneti ya ofisi imekatika, ndiyo sababu tulihama, kumbuka, na bando langu limeisha.

Nitasema jambo ambalo sijawasikia wengi wakilisema. Msemo wa Python tangu zamani ni kwamba betri zimo ndani: ukisakinisha lugha umepata kila kitu. Kwa mtu mwenye intaneti isiyokatika hiyo ni raha tu. Kwa sisi tunaonunua intaneti kwa vipande ni sababu ya kuichagua lugha. Nilijifunza Python kwenye chumba cha kompyuta kisichokuwa na intaneti kabisa, kwa maktaba iliyokuja nayo na nyaraka zake kwenye flashi. Moduli ya sqlite3 imo, hifadhidata nzima bila kupakua chochote. Ya csv ya kusoma majedwali imo, ya json ya kubadilishana data imo, ya decimal ya kuhesabu shilingi bila kupoteza senti imo. Mfumo ule wa basi wote, ukiacha ukurasa wa makarani, umesimama juu ya hizo. Ninaziheshimu mno. Waliozitengeneza walinipa kazi, na nikisema Python ni mbaya nitakuwa mwongo.

Lakini betri nazo zinang'olewa. Toleo la 3.13, Oktoba 2024, liliondoa moduli 19 kwa mpigo. Nyingine sawa, nani bado anaitaka uu, ile ya kizamani ya kugeuza mafaili kuwa maandishi? Ila humo ilikuwamo cgi, ya kupokea fomu za wavuti, na ndiyo iliyokuwa ikiendesha fomu ya mizigo, msimbo mdogo niliouandika zamani na haukuwahi kunisumbua hata siku moja. Walitangaza mapema, nakubali, miaka kadhaa mbele. Kinachoniuma ni mpangilio wa mambo: cgi isiyodanganya mtu ikaondolewa kabisa, utcnow inayodanganya ikaachwa na kibao chake. Na toleo jipya linakuja kila Oktoba, kama mvua za vuli.

Nilifika mahali nikaanza kuandika mfumo upya kwa lugha nyingine, Go. Wiki mbili. Nikaacha, kwa sababu nilipoisahihisha Python yenyewe marekebisho yalikuwa mstari mmoja: badala ya utcnow, unaandika now na kuipa UTC ndani ya mabano. Saa inayotoka inajua ni ya wapi. Mara tu nilipofanya hivyo, programu ikaanguka kwa kelele sehemu nyingine mbili, ikikataa kulinganisha saa yenye alama na saa isiyo na alama. Nilifurahi kama mtu aliyeonyeshwa nyoka kabla hajamkanyaga. Kumbe inaweza! Kumbe Python inajua kukataa. Basi kwa nini ile ya kwanza ilinyamaza?

Mkinibana nitoe nyota, nilipokaa kuandika nilitaka kutoa mbili. Nilipofika kwenye sqlite3 nikasogea kwenye nne. Sasa nimekumbuka tena zile dakika 27, naziacha tatu, na kwa moduli ya datetime peke yake natoa moja.

Yule mama alisafiri. Kondakta alimpa nafasi yake ya mbele, yeye akakaa kwenye kigoda mpaka Korogwe. Namba yake ilikuwa kwenye tiketi, nikampigia jioni kumwomba radhi. Akasema wamefika salama, mtoto alilala njia nzima, kisha akaniuliza kama pesa ya yule kijana aliyeshushwa imerudishwa. Ilikuwa bado. Ilirudishwa kesho yake asubuhi.

Juzi nilipakua kifurushi cha mtu cha kutuma ujumbe mfupi, nikafanya ninachofanya siku hizi kabla ya jambo lolote: kutafuta neno utcnow ndani ya mafaili yake yote. Limo mara nne, na mara moja kati ya hizo limefuatwa na timestamp. Nimemwandikia mwenye kifurushi, nimemwonyesha mistari. Bado hajajibu.